Kamba Iliyozidi Mafuta

Katika nyumba yetu hakuna aliyeruhusiwa kuiruka kamba ya mume wangu. Ukiikuta imelala sakafuni, unazunguka. Mtoto akijisahau akairuka, anarudishwa, anazunguka, halafu ndipo anaendelea na safari zake. Paka wetu mmoja aliishi miaka kumi na minne bila kujifunza jambo hilo, na mume wangu, Palakiko, alikuwa akimbeba kwa mkono mmoja, anamrudisha alikotoka, anamwambia bila hasira, "Na wewe ni wa nyumba hii."

Kamba yenyewe ilikuwa ya ngozi. Unachukua ngozi nzima ya ng'ombe, unaikata kwa kisu kikali kuanzia ukingoni, unazunguka na kuzunguka kuelekea katikati mpaka upate ukanda mmoja mrefu. Unaunyoosha kati ya miti miwili ukiwa bado mbichi. Unakwangua manyoya. Unaugawa, unasuka nyuzi nne, unapaka mafuta ya ng'ombe, unaiburuta nyuma ya farasi ilainike, unapaka tena. Anayejua kazi hiyo anamaliza kwa miezi miwili. Kamba ninayoitaja hapa ilimchukua Palakiko miezi saba, kwa sababu alikuwa na miaka sabini na mbili na vidole vyake vilishapinda kama tangawizi. Aliisuka barazani kwetu hapa Waimea, mwaka wa 1974, kwa ajili ya mjukuu wetu Kamaile.

Kamaile alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa Honolulu akifanya kazi hotelini, na mtoto tulimlea sisi. Kufikia mwaka ule alikuwa akichunga ng'ombe wa ranchi pamoja na wanaume, juu ya farasi wake mweusi aliyeitwa Pohaku, yaani jiwe, na jina lilimfaa. Ukimwambia Pohaku simama, anasimama mpaka umkumbuke.

Siku moja ya mwezi wa tatu akaja Hoapili, mtoto wa kaka yangu. Alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa chama chetu cha rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe. Akavua kofia mlangoni, akakaa, akala mabakuli mawili ya poi, uji wetu mzito wa magimbi, na nyama kavu bila kusema neno.

"Shangazi, nyama hii tamu."

"Sema ulichokuja kusema," nikamwambia. "Nyama haina kosa."

Akamtazama Palakiko, akatazama chini. "Mzee, ni kuhusu nguzo."

Nguzo hiyo imesimama katikati ya uwanja wetu wa rodeo. Ni shina la mti wa ohia, kimo chake kinampita mtu kidogo, na juu lina panda kama vidole viwili vilivyoinuliwa. Zamani, wakati wa baba zetu, mlimani Mauna Kea kulijaa ng'ombe mwitu. Mwanamume alipanda peke yake, akamnasa fahali kwa kamba, akamfunga pembe kwenye mti wenye panda, akamwacha hapo mpaka kesho. Asubuhi alirudi na maksai mpole, akawafunga wawili hao pamoja, na yule mpole akamleta mwenzake nyumbani taratibu. Mchezo wa nguzo unatokana na kazi hiyo. Unapewa maksai mkali, farasi wako, na dakika mbili. Ukifanikiwa kumfunga pembe kwenye nguzo, na akakaa hapo sekunde sita wewe ukiwa umesimama pembeni, umeshinda. Huko bara, ng'ambo ya bahari, mchezo huo hawana.

"Miaka mitatu hakuna aliyemfunga hata mmoja," Hoapili akasema. "Watu wanaburuzana na ng'ombe mpaka muda unaisha. Wanakamati wapya wanasema zamu ya nguzo ikifika watu wanakwenda kununua soda. Wanataka tuing'oe, tuweke mbio za farasi za kuzunguka mapipa kama bara."

"Nguzo ile niliikata mimi na baba yako," Palakiko akasema.

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nimewaambia mwaka huu ibaki. Akitokea hata mpanda farasi mmoja akamfunga maksai, haiguswi tena. Tumepiga kura, sita kwa tano. Asipotokea, Jumatatu yake inang'olewa."

Nilimjua Hoapili tangu alipokuwa akikojoa mapajani mwangu. Kura ya sita ilikuwa yake, na niliona kwamba haikumjia kirahisi. Nikamwongezea nyama.

"Waliojiandikisha ni wangapi?" Palakiko akauliza.

"Wanne."

Sauti ikatoka jikoni. "Andika watano." Kamaile akatokea na mikono ya sabuni. "Mjomba, niandike."

"Hakuna mwanamke aliyewahi kucheza nguzo, Kamaile."

"Kuna kanuni inayokataza?"

Hoapili akafikiri. "Hapana. Hakuna aliyewahi kuwaza."

"Basi andika kabla hawajawaza."

Palakiko akacheka mpaka akakohoa. Akainuka, akazunguka kamba yake iliyokuwa imesukwa nusu, akatoka nje kuwatazama farasi, lakini nilimwona akijifuta macho nyuma ya banda. Kwa mume wangu nguzo ile ilikuwa zaidi ya mti. Aliowahi kupanda nao mlimani wote walikuwa wamelala kaburini, na ilikuwa imebaki yeye na ule mti.

Kuanzia wiki ile wakawa wanafanya mazoezi malishoni, kwenye mti wenye panda. Kamaile alitumia kamba yake ya nailoni kwa sababu ile ya ngozi ilikuwa haijakamilika. Alikuwa hodari. Akirusha kitanzi, kinatua kwenye pembe kama kimeitwa. Ila akishanasa alifanya kama vijana wote. Alizungusha kamba kwenye kinundu cha mbele cha tandiko, akamgeuza Pohaku, akavuta. Maksai anachimba kwato chini, Pohaku anachimba zake, na hapo wanabaki wakitunishiana misuli kama wanaume wawili wanaogombea mpaka wa shamba.

"Usimvute," Palakiko alikuwa akimwambia kutoka kwenye uzio. "Kwanza jua anataka kwenda wapi."

"Anataka kwenda kwa wenzake, Babu! Wote wanataka hivyo."

"Basi si umeshajua? Weka mti katikati yake na wenzake, halafu ngoja."

"Dakika mbili, Babu. Saa inakimbia."

"Iache ikimbie. Wewe si saa."

Kamaile alikuwa akinigeukia na kuzungusha macho. Siku nyingine Pohaku alishinda kwa nguvu, maksai akafika mtini, na Kamaile alinitazama kama anayesema, umeona? Na mimi nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona pia kwamba maksai wa mazoezi tulizoeana nao, na wale wa uwanjani si wa kwetu.

Ijumaa, siku moja kabla ya rodeo, kamba ilikuwa tayari. Mchana nilikaa barazani nikisuka maua ya kuzungusha kwenye kofia ya Kamaile, na Palakiko alikaa mbele yangu na kopo la mafuta. Akapaka kamba yote, akaipangusa. Ikawa nzuri. Akaitazama, akapaka tena. Akainyanyua kwenye mwanga, akageuza kichwa upande huu na upande ule kama mwanamke anayejaribu kitambaa dukani. Akachovya kitambaa mara ya tatu.

Niliona. Kamba ya ngozi ikizidi mafuta, ikakutana na unyevu, inateleza kama samaki. Hilo alinifundisha yeye mwenyewe. Lakini alikuwa akiimba kwa sauti ndogo, na mwaka mzima sikuwa nimemsikia akiimba. Alitaka kamba yake iwake mbele za watu. Nikainamia maua yangu, nikanyamaza.

Jumamosi kukawa na manyunyu, yale ya kwetu yanayoshuka kwa ubavu kutoka mlimani na kumlowesha mtu bila yeye kujua. Watu walijaa. Mtangazaji alikuwa ametoka bara, mtu mchangamfu mwenye sauti nene, na kipaza sauti alikishika kama anataka kukila. Akasema anafurahi kuona jinsi wenyeji wa visiwa walivyoupenda mchezo huu wa bara.

"Mchezo wa nani?" Palakiko akauliza kwa nguvu, na mabenchi ya kwetu yakacheka. "Babu wa baba yangu alifundishwa kurusha kamba na watu wa Meksiko, walioletwa hapa na mfalme wetu. Wakati huo babu zako walikuwa bado wanauliza njia ya kwenda magharibi!"

"Hakusikii, mzee," mtu akamwambia.

"Si neno. Nimeshasema."

Nyuma ya uwanja, Kamaile alikuwa akifunga tandiko. Vijana wawili wa kutoka bara waliokuja kwa mchezo wa kupanda mafahali walikuwa wameegemea uzio.

"Dada, unakwenda harusini?" mmoja akauliza akionyesha maua ya kofia.

"Naam," Kamaile akajibu bila kugeuka. "Bwana harusi ana pembe. Wewe utashika pete?"

Mwenzake akampiga mgongoni kwa kicheko, na yule kijana akacheka pia, akaja kumshikia Pohaku hatamu bila kuombwa. Mama yake alimlea vizuri, kijana yule.

Kamaile akazungusha kamba mpya mara mbili kwenye kinundu cha tandiko, akaivuta kuijaribu. Ikateleza. Akazungusha mara tatu, akavuta. Ikatoka taratibu, bila hata kuumiza mkono. Akaitazama. Akanusa vidole vyake. Halafu akatazama ng'ambo, alikokuwa babu yake akitembea kando ya uzio, kofia nyuma ya kichwa, akimwambia kila aliyekutana naye, "Nyuzi nne ile. Utaiona ikitoka. Nyuzi nne."

Nilikuwa nimesimama karibu na Kamaile.

"Bibi, una kitambaa?"

Nikavua mtandio wangu, nikampa. Akaipangusa kamba yote, akachota na vumbi jekundu chini ya lori, mahali ambapo mvua haikufika, akaisugua. Akajaribu tena. Ikashika kidogo, ikateleza.

Makaio, jirani yetu, alikuwa ndiyo kwanza ametoka uwanjani. Alikuwa wa nne. Wa kwanza alikosa kunasa. Wa pili alinasa, akaburuzwa. Wa tatu kamba yake ilikatika. Makaio alivuta dakika mbili nzima, na maksai akasogea hatua moja tu. Alikuja amelowa jasho na tope, akaona kinachoendelea, akaelewa bila kuambiwa. Akavua kamba yake ya nailoni begani.

"Chukua yangu. Haitelezi hii."

"Ahsante, kaka Makaio. Siwezi."

"Kamaile, acha ukaidi. Hiyo hata mbuzi haitamshika."

"Babu akiniona nimetoka na nailoni, atajua ni kwa nini."

"Na nguzo je? Bibi Luika, hebu mwambie."

Nikatazama kule Palakiko alikokuwa. Nguzo ilikuwa yake na kamba ilikuwa yake, na mtoto alitakiwa kuokoa vyote viwili. Makaio akaning'iniza kamba yake kwenye uzio, mahali ambapo Kamaile angeweza kuifikia akibadili nia, akaondoka. Sikusahau kwamba aliiacha. Maana kama Kamaile angefunga, angefanya kile ambacho yeye Makaio ameshindwa mbele ya watoto wake.

Mtangazaji akaita jina.

"Haitashika, Bibi," Kamaile akaniambia polepole. "Nikimvuta, itatoka yote."

"Basi usimvute."

"Nitamfunga vipi bila kumvuta?"

"Babu yako amekuwa akikueleza tangu mwezi wa tatu."

Kamaile akapanda farasi, akaweka kofia sawa, akaingia.

Mlango wa zizi ulikuwa upande wa mlima, na ng'ombe waliobaki walikuwa nyuma yake wakilia. Maksai akatoka kama amerushwa, mwekundu, pembe pana, akapita pembeni mwa nguzo, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja upande wa bahari. Pohaku nyuma yake. Kamaile akazungusha kitanzi mara mbili, akarusha. Kamba ile ya nyuzi nne ikafunguka hewani yote, ikang'aa kwenye manyunyu, na nikasikia watu wakivuta pumzi. Ikatua kwenye pembe. Palakiko, mikono juu ya uzio, akasema, "Mmh," kama mtu aliyeonja mchuzi ukawa na chumvi ya kutosha.

Hapo ndipo wote waliomtangulia na kunasa walianza kuvuta. Kamaile akasimama.

Akaacha kamba ilegee, akamgeuza Pohaku mpaka akatazama upande wa mlima, akatulia. Maksai alikuwa akihema, kichwa chini, akingoja apigiwe vita. Vita haikuja. Sekunde zikapita. Pohaku alikuwa jiwe.

"Vipi, binti amesahau alichokuja kufanya?" mtangazaji akasema, na watu wakacheka.

"Dada, mwamshe!" mmoja akapiga kelele.

"Anamchunga au anamchumbia?"

"Mpeni kiti akae!"

Hoapili alikuwa kwenye jukwaa la majaji. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona nyumba ya shangazi yake ikiungua naye hana ndoo. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nilianza kuhesabu kwa vidole. Nilimtazama Palakiko. Alikuwa ameacha kuegemea uzio. Amesimama wima, na midomo yake ilikuwa ikisema bila sauti, ngoja, ngoja, ngoja.

Kule zizini ng'ombe mmoja akalia. Maksai akainua kichwa. Akalia na yeye, sauti nyembamba isiyolingana na pembe zake, akapiga hatua moja kuelekea mlimani. Hatua ya pili.

Kamaile akamwambia Pohaku twende, na Pohaku akaenda mbele yake kwa mwendo wa kawaida. Kamba ililegea kati yao. Walitembea hivyo kama majirani wawili wanaotoka kanisani, farasi mbele, maksai nyuma, wote wakienda njia moja kwa sababu zao tofauti. Vicheko vikapungua. Kengele ya sekunde thelathini za mwisho ikalia, na Kamaile hakuongeza mwendo. Alipolifikia shina la ohia akapita upande wa kulia, akainua mkono, akailaza kamba juu kwenye panda kama mtu anayeanika nguo, akaendelea mbele.

Sasa nguzo ilikuwa katikati. Farasi upande wa mlima, maksai upande wa bahari, na maksai anataka mlima. Kila hatua aliyopiga ilimleta mtini, na kila hatua Pohaku alikula ule ulegevu wa kamba. Wazee kwenye mabenchi ya kwetu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Hakuna aliyewaambia wasimame.

Hatua mbili kabla ya nguzo maksai akashtuka. Akaona mti, akajitupa nyuma. Kamba ikakaza, na nikaiona ikiteleza kwenye kinundu cha tandiko, mzunguko wa kwanza, wa pili, mkono wa Kamaile ukikimbia nayo. Lakini sasa haikuwa imeshikwa na tandiko peke yake. Ilikuwa imepita kwenye panda ya ohia, juu ya gome lile gumu lenye mikwaruzo, na gome likaishika. Maksai akavuta, gome likala mafuta. Kamaile akatupa mzunguko wa tatu na wa nne, Pohaku akajilaza mbele kwa uzito wake wote, na ng'ombe zizini wakalia tena. Maksai akakata shauri kwamba kwa wenzake ni huku. Akaja mwenyewe. Pembe zikagonga mti.

Kamaile alikuwa ameshashuka. Kamba fupi aliyojifunga kiunoni ikatoka, ikapita juu ya pembe, ikazunguka nguzo, ikaingia chini, fundo. Akarudi nyuma hatua tatu, akavua kofia yake yenye maua, akaiinua.

Jaji akapunga bendera kusimamisha saa. Zilikuwa zimebaki sekunde nne.

Bado sita za kungoja. Maksai akarudisha kichwa nyuma kwa nguvu zote, na nguzo ikalia shinani na kusogea, nikafikiri sasa itang'oka yenyewe na kuwaondolea kamati kazi. Haikung'oka. Fundo halikufunguka. Jaji akateremsha mkono.

Kelele iliyopigwa ilinitia machozi, na mimi si mtu wa kelele. Wale vijana wawili wa bara walikuwa wamepanda juu ya uzio wakipiga kofia zao mapajani. Makaio alikuwa amembeba mwanawe begani ili aone. Hoapili alikaa chini pale pale jukwaani kama mtu aliyekatwa miguu, halafu akainuka akawakumbatia wote, hata wale watano waliopiga kura kinyume. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti nyingine kabisa, "Jamani, nielezeni. Amefanyaje?"

"Aje nyumbani," Palakiko akasema. "Tutamweleza akiwa amekula."

Kamaile akaja kwenye uzio akimwongoza Pohaku, kamba mpya imekunjwa mkononi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimechubuka, akakiweka nyuma.

"Ilishika?" babu yake akamuuliza.

"Ilishika, Babu."

Palakiko akaichukua kamba, akaipitisha vidoleni mwake vilivyopinda, akatikisa kichwa kukubali.

Na yule mtangazaji alikuja kweli jioni ile. Alikula sana, akauliza maswali ya maana, akaosha bakuli lake mwenyewe.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani nilichukua maji ya moto na vitambaa, nikaitandaza kamba barazani, nikaanza kuitoa mafuta. Palakiko akatoka ndani. Akaja mpaka ilipokuwa, akaizunguka yote hadi mwisho wa baraza, akakaa kwenye kigoda chake.

"Nilizidisha," akasema.

"Mara tatu."

"Ulikuwa ukihesabu?"

"Nilikuwa nikihesabu."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unaimba."

Akatazama malishoni. Kamaile alikuwa huko na Pohaku bila tandiko, wametulia tu kwenye majani.

"Kutoka kwenye uzio niliiona ikiteleza," akasema. "Mzunguko wa kwanza tu nikajua. Nikasema, Palakiko, leo umeing'oa nguzo kwa mkono wako mwenyewe." Akaigusa kamba kwa kidole. "Halafu nikamuuliza kama ilishika."

"Nilikusikia."

"Na akasema ilishika."

"Nilimsikia."

Nikampa kitambaa. Akaanzia upande wa kitanzi na mimi upande wa ncha, tukaifuta bila haraka, tukibadilisha maji yalipopoa. Paka akaja akairuka. Palakiko akamnyanyua, akamrudisha.

Jumatatu asubuhi Hoapili akafika na wanaume wawili, koleo na mtaimbo kwenye lori, akapiga honi barazani kwetu. Yule maksai alikuwa ameilegeza nguzo, akasema, na kamati imeamua isimamishwe upya, imara zaidi, kabla ya mvua kubwa. Palakiko akavaa kofia. Akakaa mbele na Hoapili, Kamaile akaruka nyuma na koleo, na mimi nikaingia na kikapu cha chakula, kwa sababu niliwajua watachukua siku nzima.

Walichimba, wakainyoosha, wakaanza kurudisha udongo. Palakiko alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa.

"Ninyi mnazika mtu au mnasimamisha nguzo?" akawauliza. "Mawe kwanza. Mawe makubwa chini, madogo juu, ndipo udongo. Toeni huo, anzeni upya."

"Mzee, itakuwa imara tu hivi hivi."

"Toeni."

Wakatoa, wakaanza upya.